Masikio Mara Arobaini na Saba

Kimara,
14 Januari 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Presha imeshuka, goti limegoma, lakini goti si habari. Huku Kimara maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, ila wiki iliyopita Jumanne ilihamia Alhamisi bila taarifa. Mdogo wangu Ferdinand na mkewe Herieth hawajambo, bado wapo Kinyerezi na Baba. Macho ya Baba yamezidi kufifia kwa huo mtoto wa jicho. Daktari anataka kumpasua, yeye anasema atapasuliwa kitabu changu kikishatoka, ili akifumbua macho aone kitu cha maana. Anakusalimu sana.

Ferdinand ameniambia tena nikutumie ujumbe wa simu. Nimemkumbusha kwamba masikio yako hayaisikii simu na kwamba wewe unaitumia kama tochi. Kwa hiyo barua hii inakuja na basi, imo kwenye mfuko wa sukari. Sukari ni yako.

Sasa kilichonifanya niandike. Kitabu cha utoto wangu wa Temeke kimepokelewa na wachapishaji. Wamenipa mhariri anaitwa Suhaib, kijana wa miaka ishirini na sita, mstaarabu, ananiita Mwalimu ingawa nimestaafu. Amesoma sura zote na kuzungushia wino mwekundu kila neno asilolijua. Amezaliwa Temeke hiyo hiyo, Mama mdogo, na hajui koroboi. Hajui tezo. Nilimweleza kwamba tezo ndiyo iliyonisomesha, maana Baba alichongea vinyago vyake kwa tezo hiyo, akaniuliza ni mashine ya aina gani.

Anataka mwisho wa kitabu niweke orodha ya maneno magumu na maana zake. Nimeona nikuulize wewe kwanza, usije ukasema baadaye nimepotosha watu. Ni haya: koroboi, tezo, mbalaga, Masikio.

La mwisho ndilo lenye kelele. Utakumbuka jinsi Mama alivyokuwa akitusimulia hadithi jikoni, mimi na Ferdinand, huku anasonga ugali. Fisi alikuwa fisi, simba alikuwa simba, lakini yule mjanja wa masikio marefu hakuwahi kumwita sungura. Alimwita Masikio. Nilijua ndilo jina lake mpaka darasa la kwanza, mwalimu alipotundika picha ukutani akauliza huyu ni nani, nikanyoosha kidole nikasema ni Masikio. Darasa lilicheka mpaka kengele ikagongwa. Nilipofika nyumbani nikamweleza Mama kwamba mnyama yule anaitwa sungura. Akasema, "Hilo ni neno la shule, liache huko huko," akaendelea kuchambua mchele.

Kwenye orodha nimeandika kwamba Masikio ni sungura kwa Kinyakyusa cha zamani. Suhaib amemuuliza Mnyakyusa mmoja wa ofisini kwao, naye amesema hajawahi kulisikia. Nimemjibu kwamba huyo wa ofisini atakuwa wa mjini. Naomba unithibitishie.

Mwanao,
Tusajigwe


Tukuyu,
3 Februari 2024

Mwanangu Tusa,

Marahaba. Sukari imefika, imelowa upande mmoja, kwa sababu huku yanashuka tangu Krismasi na mwenye basi hana turubai. Migomba imelala. Mbuzi wawili walikuwa wanakohoa, mmoja amepona, mwingine tumemla. Kwaya imegawanyika tena kwa ajili ya sare. Mimi nimekaa na upande usio na sare. Naambiwa ndio wanaoimba vizuri, maana mimi siwasikii wote.

Msalimu shemeji Leonardi. Mwambie apasuliwe macho sasa, kitabu hakina miguu.

Maneno yako haya hapa.

Koroboi ni taa ya kopo yenye utambi, haina kioo. Ukilala nayo unaamka na pua nyeusi.

Tezo ni kishoka cha kuchongea, makali yake yamelala kama ya jembe. Shemeji ana kovu la tezo kwenye mguu wa kushoto. Suhaib akitaka picha aende akapige.

Mbalaga ni ndizi mbichi za kupika, kwa nyama au kwa maharage. Mama yako alizipika kwa samaki kwa sababu ya kukaa Dar es Salaam.

Wino wangu unaishia hapa. Hongera kwa kitabu. Usiweke picha yangu.

Mama yako mdogo,
Monica


Kimara,
18 Februari 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mbuzi mmoja amepona. Huku hatujambo. Herieth amefungua genge la mbogamboga mbele ya nyumba yao Kinyerezi, na Baba amejiteua kuwa mlinzi wake. Haoni wateja lakini anawatambua kwa kandambili. Juzi alimkamata mama mmoja anaondoka na nyanya, kumbe ni Herieth mwenyewe.

Pamoja na barua hii kuna kalamu kumi na mbili za wino wa bluu. Nimezijaribu zote. Zinaandika.

Nilikutumia maneno manne, umenirudishia matatu. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na mtoto aliyeruka swali namba nne sikumhesabia kwamba amemaliza.

Nakukumbusha, labda umesahau. Wakati ule jirani yetu wa Temeke alifuga hao wanyama kwenye banda la mabati, wakatoboa wakaingia kwenye bustani ya Mama wakamaliza mchicha. Mama akaenda kushtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akamuuliza ni wanyama gani. Mama akasema ni wale wenye masikio. Balozi akaandika punda kwenye daftari. Kesi ikaenda mbele, jirani akaapa hana punda, watu wote wakaona hana, na Mama akashindwa kesi ya mchicha ambao bado ulikuwa umo midomoni mwao. Angeweza kusema neno moja tu akashinda. Hakulisema.

Hayo nimeyaandika kwenye sura ya pili. Suhaib ameisoma, ameipenda, kisha akaniambia: "Mwalimu, ishu ni kwamba msomaji atauliza kwa nini. Na mie nauliza." Anapendekeza tubadilishe tuweke sungura kote. Amehesabu kwa kompyuta: Masikio yupo mara arobaini na saba. Kazi yote inatakiwa ifungwe tarehe 31 Julai.

Baba kila Jumapili ananiuliza kitabu kimefika wapi. Naomba jibu la namba nne.

Mwanao,
Tusajigwe


Tukuyu,
20 Machi 2024

Mwanangu Tusa,

Marahaba. Kalamu zimefika. Umesema kweli, zinaandika.

Huku mawingu yamefunguka wiki tatu mfululizo, njia ya kwenda sokoni imekuwa tope tupu, nimeanguka mara mbili lakini niliangukia mahali laini. Parachichi zimezaa hadi matawi yanavunjika na wanunuzi hawajapita. Tunawapa mbuzi.

Kuhusu lile neno. Mama yako alikuwa na mambo yake. Kuna watu hawali samaki, kuna watu hawavai nyekundu. Msikilize huyo kijana, andika sungura, watoto wa siku hizi waelewe, na wewe upumzishe goti.

Hiyo sura ya pili, shemeji ameshasomewa? Kama bado, usiwe na haraka.

Monica


Kimara,
28 Aprili 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Pasaka imepita salama. Mvua imebeba kalavati la mtaa wetu, tunavuka kwa kukanyaga mlango wa mtu ambaye mpaka leo hajajitokeza kuudai.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikaa na mama mzee Subilaga. Yeye ni wa Rungwe, ana miaka themanini na ushee, anaishi na wajukuu hapa Kimara. Nilimsomea kurasa mbili za kitabu ili tucheke. Tulipofika kwenye Masikio hakucheka. Aliniambia niache kusoma. Akanieleza habari ya ingamwana: kwamba huko kwenu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake, na si jina tu, hata neno la kawaida linalofanana nalo halisemi. Analitafutia neno jingine na hilo ndilo anatumia maisha yake yote. Akasema mama yangu hakuwa na mambo yake. Alikuwa na heshima.

Nikafurahi, nikidhani nimepata jibu la Suhaib. Mama mzee akaniuliza, "Baba mkwe wa mama yako aliitwa nani?" Nikamwambia aliitwa Nandonde, Mmakonde wa Masasi, baba yake Baba. Akalipima jina hilo mdomoni mara mbili. Akasema, "Huyo siye." Kisha akaomba chai, akaanza kuzungumzia bei ya mkaa.

Nimerudi nyumbani nikatoa barua zako zote, za miaka kumi na moja, nikazisoma kuanzia ya kwanza. Unaishi Tukuyu, mahali panaponyesha hata jua likiwaka, na katika barua zote hizo hujaandika neno mvua hata mara moja. Unaandika yanashuka. Unaandika mawingu yamefunguka. Mwaka 2019 uliandika juu kumechafuka. Nilidhani unapenda ushairi. Kumbe una baba mkwe.

Na Mama pia alikuwa na baba mkwe, lakini si Babu Nandonde. Babu Nandonde alimtaja kila siku. Baba akikaidi jambo Mama alisema huo ni ukaidi wa Nandonde, kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Nina miaka hamsini na tano. Fomu zote nilizojaza tangu darasa la kwanza nimeandika baba ni Leonardi Nandonde. Nina swali moja tu, na safari hii usinijibu habari za parachichi. Mama alikuwa mkwe wa nani?

Tusajigwe


Tukuyu,
8 Juni 2024

Mwanangu Tusa,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe tano Mei. Niliiweka chini ya Biblia mwezi mzima nikitumaini itazeeka. Haikuzeeka.

Mbuzi amezaa pacha. Kwaya wamepatana, sasa wote hawana sare.

Kuhusu mimi umegundua sawa. Baba mkwe wangu alikuwa na jina la hicho kinachoshuka, kwa Kinyakyusa. Amekufa 1991 na bado sisemi wala siandiki. Mdomo umezoea, na mkono ukaufuata mdomo.

Kuhusu dada. Mimi si mkwe wa mzee yule, kwa hiyo naweza kuandika bila shida: sungura, sungura. Mzee aliitwa Kasungula.

Dada aliolewa na mwanawe, Ambakisye, mwaka 1967. Walikaa mwaka mmoja na miezi. Ambakisye alikufa lori la ndizi lilipopinduka, wakati huo dada ana mimba ya miezi mitatu. Mimba hiyo ni wewe. Ambakisye alikuwa mrefu, ana mwanya kwenye meno kama wako. Zaidi ya hapo simjui, nilikuwa msichana mdogo na tulimwogopa kila aliyevaa viatu.

Baada ya matanga, wazee walikaa wakasema dada arithiwe na kaka wa marehemu, ambaye alikuwa na wake wawili na fimbo. Ndiyo ilikuwa desturi na ng'ombe walikuwa wameshatolewa. Dada alilia siku tatu. Siku ya nne Kasungula akatoka nje mbele ya ukoo wake wote akasema, "Mwacheni aende. Ng'ombe sidai, na mtoto simfuati." Hakueleza sababu. Watu wa ukoo wake hawakumsemesha mwaka mzima. Yule mzee alikuwa amefiwa na mwanawe, na mjukuu wake mwenyewe akamwachia aondoke tumboni mwa mama yake, ili mama huyo asilale nyumba asiyoitaka. Mimi sijaona mtu mwingine aliyefanya hivyo.

Dada akaja Temeke kwa kaka yetu aliyekuwa anafanya kazi bandarini. Mimi nikaja kumsaidia baada ya wewe kuzaliwa. Chumba cha pili kilikuwa na mpangaji Mmakonde, mchonga vinyago, mpole, hana maneno. Walifunga ndoa wewe ukiwa unatambaa.

Wiki ile ya ndoa shemeji alituita, mimi na dada. Alisema, "Huyu mtoto ni wangu. Msije mkamwambia vingine, hata nikifa." Dada akaahidi, nami nikaahidi. Dada ametimiza. Mimi nimetimiza miaka hamsini na nne halafu wewe ukanitumia kalamu.

Ulipokuwa mtoto niliwahi kumuuliza dada kwa nini bado anakwepa jina la mkwe ambaye si mkwe wake tena. Alisema hana kitu kingine cha kumpa.

Sasa unajua. Usilitie kwenye kitabu shemeji akiwa hai. Nakuomba.

Monica


Kimara,
23 Juni 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Familia haijambo. Nimekasirika, na nakuandikia nikiwa nimekasirika ili usije ukadhani mwandiko huu umeharibiwa na goti.

Nimekasirika kwamba tulimzika Mama mwaka 2016, tukakaa matanga siku saba kwenye mkeka mmoja, wewe ukanisuka nywele, na hukusema. Nimekasirika na Mama kwamba alinisimulia habari za fisi wote wa dunia na hiyo moja akaificha. Kwa Kasungula sijui nihisi nini. Nimejaribu kumkasirikia kwa kuwa hakunifuata, nikashindwa, nikaishia kulia jikoni nikiwa nimeshika mwiko.

Kwa Baba ndiko kuna tabu. Sijaenda Kinyerezi Jumapili mbili. Nilisema nina mafua. Jana Ferdinand amekuja na mapapai manne yaliyotumwa na Baba, akakaa kwenye kiti akayaangalia kwanza, kisha akaniambia: "Sista, mzee anauliza kama umemchoka." Nilimwambia mafua hayajaisha. Ferdinand ananijua, hakunywa hata maji.

Naogopa nikikaa mbele yake nitamwangalia kama mtu mwingine. Macho yake hayaoni lakini atajua, yule mtu anajua nani kavaa kandambili za nani. Miaka yote ameogopa jambo moja tu, kwamba siku moja nitamwona baba wa kambo. Na mimi, mtu mzima, nikaenda nikalichimbua kwa kutafuta maana ya neno.

Nimemweleza Suhaib asubiri, sikumwambia kwa nini. Ameniambia jambo lenyewe ni jepesi, akibonyeza kitufe kimoja Masikio wote arobaini na saba wanageuka sungura kwa mara moja. Nikikubali, siri inabaki salama na Baba anasikiliza kitabu chake kwa raha. Lakini Mama anatoka humo. Atabaki mwanamke fulani anayesema sungura kama watu wote, na aliyeshindwa kesi ya mchicha kwa upumbavu. Nikikataa, Mnyakyusa yeyote mwenye umri atakayesoma atauliza alichouliza mama mzee Subilaga, na ataulizia mbele za watu.

Zimebaki wiki tano. Sijui la kufanya na sina mwingine wa kumuuliza.

Tusajigwe


Tukuyu,
12 Julai 2024

Mwanangu Tusa,

Marahaba. Hasira yako nimeipokea, ni halali yako. Huku baridi, pacha wa mbuzi wanalala ndani na mimi.

Usimwache huyo kijana abonyeze kitu. Wala usimkatalie kwa sababu yangu. Ahadi haikuwa yangu kuivunja na ruhusa si yangu kuitoa. Mwenye nayo yupo Kinyerezi anauza nyanya.

Nimemwandikia shemeji. Barua yake ni hiyo iliyokunjwa ndani ya hii. Yeye hawezi kuisoma, na Ferdinand akisoma atalia kabla hajamaliza, kwa hiyo itabidi umsomee wewe. Ni fupi.

Nenda Jumapili hii. Mafua ya mwezi mmoja hayapo.

Monica


Kimara,
29 Julai 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Sote hatujambo, na hao pacha wapishe kitandani, utapata viroboto.

Sikwenda Jumapili uliyosema. Nilifika mpaka kituo cha basi nikarudi nyumbani. Nimekwenda jana. Baba alikuwa barazani amekaa kwenye kigoda chake, anapiga msasa kinyago kidogo cha mpingo kwa kupapasa. Aliposikia hatua zangu alisema, "Mafua yamepona," hakuuliza. Herieth akaleta chai akaingia ndani. Ferdinand hakuwepo.

Nikamwambia nina barua yako kwake. Akaweka msasa chini. Nikaifungua nikasoma: Shemeji, nimesema. Nisamehe. Monica.

Nilidhani ataniuliza umesema nini. Alikiokota tena kinyago akakigeuza mikononi, muda mrefu, mpaka chai ikaota utando. Mimi nilimwangalia, Mama mdogo. Nilimwangalia sana kwa sababu hilo ndilo nililoliogopa. Niliona kovu la tezo mguuni, na fulana aliyoivaa upande wa nje ndani, na nikaona ni Baba. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Nikamwambia hivyo hivyo kwa mdomo wangu. Akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka na hayafuti.

Baadaye akauliza, "Na kitabu?" Nikamweleza habari ya kitufe. Akaniambia nimsomee sura ya pili. Nikasoma yote, ya darasa la kwanza na ya balozi na punda. Kwenye punda alicheka mpaka akakohoa. Nilipomaliza alisema, "Mama yako alimheshimu yule mzee, na mimi pia. Asingemwachia, ningempata wapi? Wewe ningekupata wapi? Masikio waache wote. Andika na jina la mzee, andika alichofanya, watu wakimjua si vibaya."

Nikamuuliza kama hatajali watu wakijua kuhusu yeye. Akasema ametunza siri hiyo kwa kuniogopa mimi, watu wengine hawamhusu.

Nikajua tumemaliza, nikaanza kukunja karatasi. Ndipo akauliza kwenye sura ya kwanza nimeandika nini kuhusu siku niliyozaliwa. Nikamsomea kama Mama alivyotuambia siku zote: kwamba nilizaliwa Temeke wakati Baba yuko Masasi kwenye msiba.

Akatikisa kichwa. Akanieleza. Siku ile alikuwa anarudi na mkokoteni wa magogo ya mpingo, mchana, akakuta mwanamke wa chumba cha jirani ameshikilia ukuta wa uani na hakuna mtu mwingine nyumbani. Akashusha magogo yote barabarani, akamlaza kwenye mkokoteni juu ya magunia, akausukuma mpaka zahanati. Magogo hakuyakuta aliporudi. Pale mlangoni nesi alimuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Akajibu kwamba ndiye baba wa mtoto. Mama alikuwa hajawahi kumwambia zaidi ya habari za asubuhi.

Msiba wa Masasi aliutunga Mama baadaye, nilipoanza kuuliza kwa nini kadi yangu ya kliniki, aliyoiandikisha mwenyewe, haina jina la baba. Baba aliukubali kwa sababu hakuwa na uongo mwingine wa kuweka mahali pake. Na kila tulipokuwa tukisimulia, kwenye kipaimara changu, kwenye harusi yangu, mbele ya wajukuu, yeye alikaa kimya akawa Masasi.

Akanishika mkono, akasema: "Nimekaa kwenye msiba huo miaka hamsini na tano, mwanangu. Nitoe."

Nilichukua penseli yake ya kuchorea mbao, nikafuta msiba huo pale pale barazani. Kisha nikamsomea nilivyoandika: Nilizaliwa Temeke mchana wa jua kali, na baba yangu alikuwepo.

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia sasa nisome polepole.

Mwanao akupendaye,
Tusajigwe Leonardi